Mali Haina Miguu: Somo la Kujitolea kwa Ajili ya Wahitaji

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, pamoja na jamaa zake na sahaba zake, somo hili lakhusu jambo ambalo watu wengi hulitaja na wachache hulitenda, nalo ni kujitolea kwa ajili ya wahitaji.

Mtu asikiapo neno sadaka, fikira yake hukimbilia mfukoni. Akiwa nacho, hutoa kidogo akaona amekwisha. Na akiwa hana, huona kwamba mlango huo haukufunguliwa kwa ajili yake, akarudi barazani kukaa. Wote wawili wamekosa. Wa kwanza amedhani kuwa mali ikitoka mkononi mwake hufika yenyewe kwa mwenye dhiki. Wa pili amedhani kuwa asiye na mali hana la kutoa. Makusudio ya somo hili ni kubainisha kwamba mali haina miguu. Haiendi kwa mhitaji ila kwa kuchukuliwa, na wachukuzi wake ni watu wanaotoa wakati wao, nguvu zao na moyo wao. Wasipokuwapo hao, mali yaweza kujaa mahali, na dhiki ikajaa papo hapo.

SEHEMU YA KWANZA: DHAHABU YA KEWANJA

Atakaye kuliona jambo hili wazi na aitazame Kewanja. Kewanja ni kijiji cha wilaya ya Tarime, katika mkoa wa Mara, kaskazini ya Tanzania bara, karibu na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake ni Wakuria, watu wa kilimo na ng'ombe. Upande huo, uitwao Nyamongo, una dhahabu chini ya ardhi, na watu waliichimba kwa mikono yao kabla ya kuja mitambo. Mwaka 2002 mgodi mkubwa wa North Mara ukaanza kazi, nao una mashimo ya Nyabirama na Gokona. Kewanja ikawa jirani ya mgodi huo, pamoja na Nyangoto, Kerende, Genkuru na vijiji vyengine. Tangu mwaka huo dhahabu ya huko hutolewa ardhini, husafishwa, husafirishwa na kuuzwa mbali.

Mtu wa pwani asikiapo kwamba kijiji kimekaa ubavuni mwa dhahabu, hudhani kuwa watu wake wamekwisha dhiki. Sivyo ilivyo. Vijana wengi wa upande ule wamekuwa wakiingia mgodini kuokota mawe yaliyotupwa, wapate kuyasaga na kutafuta chembe zilizosalia ndani yake. Tarehe 16 Mei 2011, walipoingia watu wengi kwa pamoja, watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi. Somo hili halikukusudia kuhukumu baina ya watu katika jambo lile, kwani hukumu ina mahali pake. Lakini mwenye akili na azingatie: jiwe ambalo mwenye mgodi amelitupa kuwa halina faida, jirani yake ameliona kuwa lastahili kuhatarisha roho. Hapo ndipo pajulikanapo umbali ulioko baina ya mali na mhitaji, hata ikiwa baina yao ni ukuta mmoja tu.

Haikosi kuwa juhudi zimefanywa. Mwaka 2017 sheria ya madini ya Tanzania ilibadilishwa, mrabaha wa dhahabu ukapandishwa kutoka asilimia 4 hata asilimia 6. Sheria hiyo iliwapasa wenye migodi kufanya kila mwaka mpango wa kuwafaa watu walio jirani nao, mpango unaokubaliwa na halmashauri ya mahali. Kisha kwa mapatano ya mwaka 2019 Serikali ikapata fungu la asilimia 16 katika mgodi huo, kwa njia ya kampuni ya Twiga. Haya yote ni kheri. Lakini sheria hugawa mafungu. Haipiti nyumba kwa nyumba kumtafuta mjane asiyetoka nje kwa haya, wala haijui ni mtoto yupi aliyelala jana bila ya kula. Kazi hiyo yataka mtu.

SEHEMU YA PILI: HAKI HUTANGULIA WEMA

Kabla ya kusema juu ya wema, yapasa kusema juu ya haki, kwani watu wengi hulipa deni kisha hujisifu kuwa wametoa sadaka. Dini imeweka haki katika dhahabu. Dhahabu iliyowekwa, ikifika mithkali 20, yaani kadiri ya gramu 85, na ikatimiza mwaka, hutolewa zaka ya robo ya ushuri, yaani sehemu moja katika sehemu 40. Ama dhahabu inayochimbwa ardhini, katika madhehebu ya Shafii yatolewa robo ya ushuri vilevile, na kwa kauli yenye nguvu haingojei mwaka. Na katika madhehebu ya Hanafi yatolewa khumsi, yaani sehemu moja katika sehemu tano. Msomaji na aizingatie hekima iliyomo. Mali ya ardhini hutoka pamoja na haki ya mwengine ndani yake. Maskini haombi sehemu hiyo. Ni yake, nayo imo mkononi mwa mwenziwe.

Na jambo hili si la wenye migodi peke yao. Mwenye duka anayemcheleweshea mchukuzi ujira wake, kisha Ijumaa akagawa tende msikitini, hakutoa tende zake. Ametoa tende za mchukuzi. Mwenye shamba aliyekula fungu la mayatima wa nduguye, kisha akafanya maulidi na kuchinja ng'ombe, amewalisha watu nyama ya mayatima. Haki hulipwa kwanza, na sadaka huja baada yake. Mtu akitaka kujua ukarimu wake umefika wapi, na aanze kuhesabu baada ya kulipa anayodaiwa.

Tena katika mafungu manane ya watu wanaostahili zaka, kama yalivyotajwa katika Kurani, limo fungu la watumishi wa zaka, nao ni wale wanaoikusanya na kuifikisha. Hapa pana mazingatio makubwa. Mwenyezi Mungu angeweza kuwataja mafukara na maskini, na wenye madeni na wasafiri walioharibikiwa njiani, ikawa imetosha. Lakini ametaja pamoja nao mtu mwenye kuichukua zaka, kwa kuwa bila ya huyo zaka hubaki ghalani na fukara hubaki nyumbani kwake. Hata mali iliyo faradhi imewekewa miguu.

SEHEMU YA TATU: GUNIA LA SEYIDNA UMAR

Katika khabari za Seyidna Umar, Khalifa wa pili, imepokewa kwamba usiku mmoja alitoka Madina pamoja na mtumishi wake Aslam, akaona moto kwa mbali. Walipokaribia walimkuta mwanamke amekaa na watoto wanaolia, na chungu ki juu ya moto. Umar akauliza kilichomo. Mwanamke akajibu kuwa ni maji tu, awatulize watoto hata walale. Kisha akamlaumu Khalifa, naye hajui kwamba asemaye naye ndiye.

Umar hakujitetea. Alirudi mbio hata ghala ya unga, akatoa gunia na mafuta, akamwambia Aslam amtwike. Aslam akataka kulichukua yeye. Umar akakataa, akamkumbusha kwamba Siku ya Kiyama hatapata mtu wa kumchukulia mzigo wake. Akalichukua mgongoni, akaupuliza moto kwa pumzi yake hata moshi ukapita katika ndevu zake, akapika, akawapakulia, akakaa hata watoto wakashiba na kucheka.

Khabari hii husimuliwa sana, na aghalabu husimuliwa kwa kumsifu Umar. Lakini ina somo jengine. Ghala ya Madina ilikuwa na unga, na watoto wale walikuwa na njaa, na baina yao haukuwapo umbali mkubwa. Hapakukosekana unga. Alikosekana mtu wa kutoka usiku, wa kuuliza, na wa kuinamisha mgongo. Angaliweza Umar kuandika hati asubuhi watu wale wapewe, na hati ile ingalikuwa haki na uadilifu. Lakini asubuhi ni mbali kwa mtoto mwenye njaa.

SEHEMU YA NNE: FARADHI INAYOWASIMAMIA WENGI

Wanavyuoni wamezigawa faradhi mafungu mawili. Moja ni faradhi ya kila mtu, kama sala tano. Hakuna amsaliaye mwenziwe. La pili ni fardhi kifaya, nayo wakiifanya wa kutosha imewaondokea wote, na wasipoifanya yeyote basi dhambi ni ya kila aliyejua akaweza akaacha. Watu wa pwani wanaijua vyema katika mambo ya maiti. Akifa mtu, hata akiwa mgeni asiye na jamaa, hawakosekani wa kumwosha, wa kumkafini, wa kulichukua jeneza na wa kuchimba kaburi, wala hakuna adaiye ujira. Huo ndio kujitolea, ijapokuwa watu hawakuuita jina hilo.

Lakini wengi hudhani kwamba fardhi kifaya ni ya maiti tu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaji yake iliyosomeshwa katika darasa za pwani kizazi baada ya kizazi, amehesabu katika fardhi kifaya kuwaondolea watu madhara, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya umma hazikutosha. Basi ni ajabu kwamba mtu aonekana mwingi wa hima kumchukua jirani yake akiwa maiti, na hakumchukua alipokuwa mgonjwa. Wengi hulisindikiza jeneza la mtu ambaye mwaka mzima hawakupiga hodi mlangoni pake.

Na watu wa pwani wana ushahidi wa nafsi zao kwamba kheri hiyo imo ndani yao. Tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, wavuvi na watu wa Nungwi waliingia baharini kuwatafuta waliokuwa wakielea juu ya magodoro na mbao, na watu zaidi ya 600 waliokolewa. Mvuvi aliyegeuza chombo chake siku ile hakuuliza nani atamlipa mafuta. Swali ni hili: kwa nini hima hiyo hungoja meli kuzama? Mwenye njaa naye anazama, ila yeye huzama pole pole, wala hapigi kelele.

SEHEMU YA TANO: JE, YAFAA KUMSAIDIA ASIYE MWISLAMU?

Huenda msomaji akasema, watu wa Kewanja wengi wao si Waislamu. Je, wanahusu nini katika somo hili? Jawabu yake ni kwamba zaka ina watu wake maalumu, wala haipewi kila mtu. Ama sadaka ya khiari, madhehebu ya Shafii yameijuzisha kupewa asiye Mwislamu, na mwenye kuitoa ana thawabu. Kurani imewasifu wanaowalisha maskini, mayatima na mateka, na mateka wa zama zile walikuwa washirikina. Tena imebainisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuwakataza waumini kuwafanyia wema na uadilifu wasiowapiga vita wala kuwatoa majumbani mwao. Bibi Asmaa, binti wa Seyidna Abubakari, alijiwa na mama yake naye ni mshirikina, akamuuliza Mtume kama amfanyie wema. Mtume akamwamuru amfanyie.

Yapasa kusema kweli hapa. Wako watu wa pwani waliozoea kumdharau mtu wa bara, wakamwona kuwa dhiki yake haiwahusu. Dharau hiyo haikutoka katika kitabu chochote cha dini. Imetoka katika kibri, na kibri haina madhehebu.

SEHEMU YA SITA: WACHUKUZI WA NCHI YA MARA

Mwenye kujifunza hujifunza popote. Wakuria wana desturi ya kale iitwayo risaga. Mtu akizidiwa na kazi ya shamba huwaalika majirani, nao hukusanyika kwa majembe yao wakalima kwa pamoja, na kesho ni zamu ya mwengine. Mwenye shamba huwaandalia chakula na pombe. Mwislamu ataiacha pombe, naye ataushika ushirika, kwani huo ni ndugu wa kikoa cha pwani. Uzuri wa desturi hii ni kwamba mwenye kusaidiwa haoni haya, kwa kuwa kesho atasaidia yeye. Msaada unaozunguka hauvunji heshima ya mtu.

Lakini nchi hiyo hiyo ina dhiki ambayo risaga haikuweza kuiondoa, kwa kuwa imetoka ndani ya mila yenyewe, nayo ni ukeketaji wa wasichana. Aghalabu hufanywa mwisho wa mwaka, shule zikiwa zimefungwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 imeukataza kwa wasichana waliopungua miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hata 15. Na asije mtu akaufungamanisha na dini: mwezi wa Novemba 2006 wanavyuoni waliokutana Al-Azhar, Misri, waliukataa, wakasema kuwa hauna msingi katika Kurani wala katika hadithi iliyo sahihi. Lakini hapa tena sheria ipo, na msichana yupo, na baina yao pana usiku na pori. Msichana akikataa, huenda akakimbia nyumbani kwao peke yake, hajui aelekee wapi.

Basi wakatokea watu wa kuichukua amana hiyo. Huko Masanga, wilayani Tarime, kipo kituo kinachowapokea wasichana hao kwa mamia, kikawalaza, kikawalisha na kuwafundisha hata msimu upite. Na Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti, ilifunguliwa nyumba salama mwaka 2014, chini ya uongozi wa Bibi Rhobi Samwelly, mwenyeji wa Mara, aliyekeketwa mwenyewe katika ujana wake akakaribia kufa. Yaliyomwumiza hakuyaficha kama siri ya aibu. Aliyafanya kuwa sababu ya kumlinda mtoto wa mwengine. Tena watu wa nyumba hiyo hawakomei kumpokea msichana tu. Huwaendea wazazi, huzungumza nao, na wazazi wakikubali hutia sahihi kwamba mtoto hatakeketwa, ndipo arudi kwao kwa amani. Hivyo hawakumwokoa mtoto kwa kumpotezea mama yake.

Palibaki taabu moja. Khabari ikija usiku kwamba msichana fulani yu hatarini katika kitongoji fulani, waokozi hawakujua njia ya kuendea, kwani vijiji vingi vya upande ule havikuandikwa katika ramani yoyote. Mwaka 2015 ikaanzishwa kazi iitwayo Crowd2Map. Watu maelfu kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, hutazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora nyumba moja moja na njia moja moja, pasipo ujira. Kisha wenyeji, kwa simu zao, huongeza majina ya vijiji, shule na zahanati, ambayo mgeni hawezi kuyajua kwa picha. Ramani ikapatikana, nayo ikawa mwongozo wa kuwafikia wenye kuomba msaada.

Msomaji na aizingatie sadaka hii ilivyo ya ajabu. Mtu amekaa mbali, amemaliza kazi zake, ametoa saa moja ya usiku wake kuchora njia ya kijiji ambacho hatakikanyaga, ili gari imfikie msichana ambaye hatamwona wala hatalijua jina lake. Msichana naye hatamjua yeye, hatamshukuru, wala hataona haya mbele yake. Mafundisho ya dini yamemsifu mtu anayeficha sadaka yake hata mkono wake mmoja usijue uliyoyatenda wa pili. Na hawa wengi wao si Waislamu. Basi ikiwa wameweza hayo kwa ubinadamu tu, ni udhuru gani alio nao mtu anayesoma mafundisho hayo kila mwaka katika Ramadhani?

SEHEMU YA SABA: ADABU ZA MCHUKUZI

Aliyeazimia kuingia katika kazi hii yampasa kushika adabu zake.

Ya kwanza ni kumtafuta mhitaji. Kurani imewataja mafukara ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Hao hawaji mlangoni. Mwenye kungoja kuombwa atawapa wenye ulimi, na wenye haya atawapita.

Ya pili ni kuuliza kabla ya kutoa. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali hafai kuletewa nguo, na mwanafunzi asiye na ada hafai kuletewa sinia la biriani. Mwenye dhiki ndiye ajuaye dhiki yake.

Ya tatu ni kuanza na aliye karibu. Jamaa kwanza, kisha jirani, kisha wa mtaa, kisha wa mbali. Lakini kuanza karibu si kukomea karibu.

Ya nne ni kuacha masimbulizi. Mwenye kusimbulia ameiuza sadaka yake kwa bei ya kujisifu, na Kurani imebainisha kwamba sadaka hiyo hubatilika. Katika masimbulizi huingia kumsimamisha maskini mbele ya watu na kumpiga picha na mfuko wa unga mkononi. Mfuko wa unga huliwa siku tano, na picha hubaki miaka.

Ya tano ni kuweka hesabu. Mali ya wahitaji ni amana. Wanaoikusanya na waandike kilichoingia na kilichotoka, na wawasomee waliotoa. Jamii nyingi za kheri zimekufa, wala hazikuuawa na ubakhili. Ziliuawa na daftari lisiloandikwa.

Ya sita ni kudumu. Kidogo kinachodumu ni bora kuliko kingi kinachokatika. Wanaume 20 wa msikiti mmoja, kila mmoja akijitolea alasiri moja tu katika juma, kwa mwaka wametoa alasiri 1,040. Katika alasiri hizo wagonjwa hutembelewa, watoto hufundishwa hesabu na kusoma, paa la mjane hutengenezwa, na mzee asiye na mtu huandikiwa barua yake au hupelekwa ofisini kudai haki yake. Haya yote hayakutaka senti.

Wala mtu asidharau kazi ndogo. Mtume alibainisha kwamba kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka yake kila siku, na kwamba kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake ni sadaka, na kuondoa cha kuudhi njiani ni sadaka. Na katika zama zake alikuwako mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti. Akafa, watu wakamzika bila ya kumpasha Mtume khabari, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipokosa kumwona aliuliza, akaambiwa. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Ufagio ule haukupotea.

MWISHO WA SOMO

Wahenga wamesema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno hili hutumiwa sana kuwaliwaza wasio na kitu, lakini lina onyo ndani yake kwa wote wawili. Mwenye mali huambiwa kwamba mali yake bila ya moyo haifiki. Na asiye na mali huambiwa kwamba udhuru wake umevunjika, kwani moyo anao.

Kewanja ina dhahabu, na mtu yungali na dhiki. Madina ilikuwa na unga, na mtoto alikuwa na njaa. Mji wa pwani una misikiti, na wakfu, na matajiri, na vyuo, na ndani ya mitaa yake wamo watu wanaolala na njaa nyuma ya mlango uliofungwa. Katika kila mahali hapo kilichokosekana ni kimoja, naye ni mtu wa kuinamisha mgongo. Mwenye kuyasoma haya akafunga kitabu akalala, hakusoma kitu. Na mwenye kuyasoma kisha akaenda kesho kupiga hodi katika nyumba moja, amelisoma somo lote.

Mwenyezi Mungu awawafikie Waislamu katika kheri, na azikubali amali zao zilizo dhahiri na zilizofichika. Amin.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Nini maana ya kusema kwamba mali haina miguu? Toa mfano katika mtaa wako.
2. Ni ipi tofauti baina ya haki na sadaka? Mwenye deni la ujira akitoa sadaka, hali yake ni ipi?
3. Zaka ya dhahabu inayochimbwa ni kiasi gani katika madhehebu ya Shafii, na kiasi gani katika madhehebu ya Hanafi?
4. Kwa nini Seyidna Umar alikataa kuchukuliwa gunia na mtumishi wake?
5. Fardhi kifaya ni nini? Taja mambo mawili yaliyomo ndani yake yasiyokhusu maiti.
6. Taja nyumba tatu za mtaa wako ambazo hujapiga hodi tangu Ramadhani iliyopita. Swali hili halijibiwi kwa kalamu.